Namna ya kukagua roboti ya kugeuka kabla ya kuitajia bei

Maswali ni yale yale kila wiki. Mtu anapata roboti kwenye lundo la midoli ya mtumba pale sokoni Mwanga, hapa Kigoma, au kaletewa na mjomba aliyeshuka na treni kutoka Dar, anaipiga picha anatuma: "Kaka, hii orijino? Naweza kuuza shilingi ngapi?" Picha yenyewe imepigwa usiku, taa ya njano, roboti imekunjwa nusu, mkono mmoja hauonekani. Kwa picha ya namna hiyo hakuna anayeweza kukujibu, na anayekujibu anakubahatishia. Fuata hatua hizi mwenyewe kwanza, kisha ulete lile lililobaki.

Ninazungumzia roboti zinazogeuka kuwa gari, ndege, mnyama au kitu kingine, hasa Transformers, kwa sababu ndizo zinazotafutwa zaidi na wakusanyaji. Zilianza kuuzwa kwa jina hilo mwaka 1984, pale Hasbro ya Marekani ilipochukua midoli ya Takara ya Japani, iliyokuwa sokoni kwa majina ya Diaclone na Micro Change, ikaipa majina mapya na hadithi mpya. Historia iishie hapo.

Kabla hujaanza, kubali jambo moja: mkusanyaji analipia viungo vinavyoshika na vipande vilivyotimia. Rangi inayong'aa inamvuta mtoto. Nimeona watu wanakumbatia roboti nyekundu inayometameta isiyo na nyonga, huku wakiiacha ya kijivu iliyopauka lakini iliyokamilika hadi bastola yake.

Andaa hivi vitu

- Shuka au kitambaa cheupe cha kutandika. Pini ya milimita chache ikidondoka kwenye mkeka umeipoteza.
- Mwanga wa mchana, karibu na dirisha au barazani. Jua lisipige moja kwa moja.
- Tochi ya simu.
- Mswaki laini usiotumika, na vijiti vya masikio.
- Bisibisi ndogo za nyota. Kama huna, fundi simu yeyote anazo. Muombe, usitumie ncha ya kisu.
- Rula.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.
- Vifuko vidogo vya plastiki vya kuweka vipande.
- Daftari. Usitegemee kichwa, hasa ukikagua roboti zaidi ya moja kwa mkupuo.

Usilete petroli, thina wala asetoni ya kuondolea rangi ya kucha. Plastiki nyingi za roboti hizi ni za aina iitwayo ABS, na asetoni inaiyeyusha mbele ya macho yako.

Hatua zenyewe

1. Iache kama ilivyo, uipige picha. Najua mkono unawasha. Kila mtu akiishika anataka kuigeuza hapo hapo, na hapo hapo ndipo inavunjika. Roboti imekaa imebanwa ndani ya belo muda mrefu, mchanga umeingia kwenye bawaba, pengine kuna ulimi wa plastiki umeshaanza kupasuka na wewe hujauona. Piga picha mbele, nyuma, ubavu mmoja, ubavu wa pili, na nyayo. Zitakusaidia pia baadaye mtu akidai kwamba umempelekea iliyovunjika.

2. Ondoa vumbi likiwa kavu. Vumbi letu jekundu ni jembamba na linang'ang'ania kwenye maungio. Ukililowesha kabla ya kulipiga mswaki linageuka tope na kuzama ndani zaidi. Piga mswaki kwanza, puliza, kisha futa kwa kijiti cha masikio kilicholoweshwa kidogo kwa maji ya sabuni. Usiizamishe roboti nzima kwenye beseni. Ndani kuna pini na skrubu za chuma, zingine zina springi, zingine zina sehemu ya betri, na stika za zamani nyingi ni za karatasi. Kwa unyevu wa huku ziwani, hasa masika, maji yaliyobaki ndani ya nyonga yanazaa kutu kabla hujamaliza kutafuta mteja.

3. Tafuta maandishi yaliyochongwa. Angalia chini ya nyayo, nyuma ya mapaja, ndani ya mgongo, tumboni mwa gari. Washa tochi ya simu uilaze pembeni ili mwanga uteleze juu ya plastiki. Herufi zitajitokeza kwa vivuli vyake. Andika kila kitu unachokiona: jina la kampuni, mwaka, nchi.

Hapa wengi wanapotea, kwa hiyo soma taratibu. Mwaka uliochongwa ni wa haki miliki ya umbo hilo, si lazima uwe mwaka roboti yako ilipotoka kiwandani. Kuna roboti za miaka ya 80 ambazo zimetengenezwa upya miaka mingi baadaye kwa kalibu ile ile, yaani umbo linalomiminiwa plastiki, mwaka wa zamani ukiwa umebaki pale pale. Kwa hiyo kuona 1984 pekee usirukeruke. Kwa upande mwingine, Takara iliungana na Tomy mwaka 2006. Ukikuta jina la TOMY pembeni ya Hasbro, umeshika toleo la baada ya hapo, hata muuzaji aape kwamba ilikuwa ya babu yake. Nchi nayo inasema jambo: nyingi za mwanzo zimeandikwa Japani, za baadaye China, na miaka ya karibuni utakuta pia Vietnam.

Chukua urefu kwa rula ikiwa katika umbo la roboti. Matoleo ya kisasa yana madaraja ya ukubwa: Deluxe ni kama sentimita 14, Voyager kama 18, Leader inapita hapo. Ukiwa na mwaka, kampuni, urefu na aina ya gari, kuitambua kwa jina kunakuwa kazi ndogo. TFWiki, ensaiklopidia ya mtandaoni ya Transformers, ina picha za karibu kila moja pamoja na orodha ya vipande vyake.

4. Amua kama ni orijino au kopi. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na watu wanataka alama moja ya uhakika. Haipo. Unakusanya dalili, zikiwa nyingi upande mmoja unaamua.

Anza na ule mstari wa haki miliki. Watengenezaji wa kopi mara nyingi wanafuta maandishi kwenye kalibu, ikabaki sehemu laini ya mstatili pale ambapo herufi zilipaswa kuwa. Ukiona kiraka laini kwenye sehemu iliyojaa michoro, tia shaka. Kisha pitisha ukucha kwenye kingo za vipande. Orijino ina kingo zilizokatwa safi; kopi ya bei chee ina plastiki iliyozidi pembeni, nyembamba, inayokwaruza. Tazama mashimo ya skrubu: kwenye kopi unaweza kukuta skrubu imeingia upande, au kichwa kimeshaliwa tangu kiwandani. Tazama uso kwa karibu. Rangi ya macho ikiwa imevuka mipaka na kumwagikia shavuni, na uso wenyewe una maumbo yaliyofifia, kuna uwezekano kalibu ilinakiliwa kutoka kwenye mdoli mwingine, na kila kunakili kunapoteza ukali wa umbo. Pima urefu tena: zipo kopi zinazotengenezwa kubwa kuliko orijino kwa makusudi, na zingine ndogo zaidi.

Kwa roboti za kuanzia mwaka 1985 hadi mwishoni mwa miaka ya 80, tafuta stika ndogo ya mraba, nyeusi, kwenye kifua, mgongo au bega. Ukiisugua kwa kidole gumba hadi ipate joto, inatokea alama ya Autobot au Decepticon, yale makundi mawili yanayopigana kwenye hadithi ya Transformers. Hasbro waliiweka kwa kazi hiyo hiyo ya kutofautisha na kopi. Ijaribu asubuhi, maana mchana wa jua kali inaweza kuwa imeshajionyesha kabla hujaigusa. Isipobadilika pia usiitupe roboti: stika hizo zinachoka na kufa, na zile za mwaka 1984 hazikuwa nayo kabisa.

Sasa tahadhari ya upande wa pili. Kukosa jina la Hasbro hakumaanishi takataka moja kwa moja. Diaclone za Takara za kabla ya 1984 hazina jina hilo na zina wapenzi wake wanaolipa vizuri. Zipo pia kampuni ndogo kama FansToys zinazobuni roboti zao bila leseni ya Hasbro, kwa plastiki nzito na viungo vikali, na baadhi zinauzwa ghali kuliko za Hasbro zenyewe. Ukishika roboti isiyo na maandishi lakini ni nzito, imebana, na viungo vyake vinalia kr-kr-kr kwa mpangilio, iweke pembeni uitafute vizuri kabla ya kumgawia mtoto wa jirani.

Usitumie sumaku kuthibitisha kwamba roboti ya zamani ina chuma. Sehemu za chuma za roboti za mwanzo ni za aloi ya zinki, na sumaku haishiki zinki. Itakachoshika ni skrubu na pini, ambazo hata kopi inazo. Chuma cha zinki kitambue kwa ubaridi wake mkononi na uzito.

5. Hesabu vipande. Roboti iliyokosa bastola yake, kombora lake au ngumi yake inashuka thamani kwa kiasi kinachowashangaza wageni, kwa sababu vipande hivyo vidogo ndivyo vilivyopotea duniani kote. Optimus Prime wa 1984, yule anayegeuka kuwa lori, anafaa kuwa mfano. Kichwa cha lori na roboti ni sehemu ya mzigo tu. Nyuma yake kuna trela, kigari kidogo kiitwacho Roller, bunduki, pampu ya mafuta yenye mpira wake, makombora, na ngumi mbili ambazo zinachomolewa kabisa wakati wa kuigeuza. Ngumi hizo ndizo za kwanza kupotea. Ukimkuta Optimus mwenye vifundo vya mikono vitupu, usiseme amekamilika kwa kuwa anasimama.

Angalia pia vipande visivyokuwa vyake. Soundwave, yule anayegeuka kuwa redio ndogo ya kaseti, mwaka 1984 aliuzwa pamoja na kaseti-ndege anayeitwa Buzzsaw. Watu wengi wanamchomekea Laserbeak, kaseti-ndege mwingine, aliyekuwa akiuzwa kwenye pakiti nyingine pamoja na kaseti iitwayo Frenzy. Buzzsaw na Laserbeak wote ni orijino, lakini ukimwandikia mteja "seti kamili" na ndani yupo Laserbeak, anayejua atakurudishia.

Ukigundua kuna kipande kimekosekana na roboti uliinunua kwenye mtumba, rudi kwa muuzaji siku hiyo hiyo. Vipande vinazama chini ya lundo au vinabaki kwenye mfuko wa belo.

"Shikamoo mama. Jana nilichukua kwako ile roboti ya bluu."

"Marahaba mwanangu. Imeharibika?"

"Hapana mama, nzima. Ila ilikuwa na kibunduki chake, kadogo hivi, cheusi. Naomba nipekue chini kule."

"Pekua, ila usinivurugie nguo za watoto. Ukikipata utaniachia mia tano."

Muachie hiyo mia tano, na ikibidi elfu. Wiki ijayo atakuwekea vipande kwenye kopo bila kuombwa.

6. Kagua viungo kimoja kimoja. Hapa tulia, maana hapa ndipo bei ilipo. Kuna aina tatu kubwa za viungo. Cha kwanza ni cha gololi: kichwa cha duara kinakaa ndani ya kikombe, kinazunguka pande zote. Cha pili ni bawaba ya pini, inayokwenda mbele na nyuma kama ya dirisha. Cha tatu ni cha meno, kinachotoa mlio kila hatua, na kwa kawaida kinawekwa pale penye uzito, kwenye nyonga na mabega.

Shika sehemu mbili za karibu zaidi na kiungo, moja kwa kila mkono. Usishike mguu kwa chini ukatikisa mwili wote. Unazidisha nguvu kwenye pini bila kujua. Sogeza kidogo sana, kisha rudisha. Cha gololi kinatakiwa kushika mahali unapokiacha. Kikianguka chenyewe kimelegea, nalo ni tatizo linalotibika. Kikikataa kabisa, acha, andika, usishindane nacho. Cha meno kikizunguka bila mlio, meno yake yameliwa au springi imetoka. Hilo ni kubwa.

Kisha chukua tochi, uangalie plastiki inayozunguka kila pini. Tuchukue nyonga ya Deluxe ya kawaida, ya bluu. Geuza paja utazame pale pini ya chuma inapoingia. Plastiki iliyo salama ina rangi moja hadi ukingoni mwa tundu. Inayoelekea kufa ina kijimstari cheupe kinachoanzia kwenye tundu na kwenda nje, chembamba kama unywele, na ukibonyeza pembeni kwa ukucha mstari unafunguka na kufunga. Hapo kiungo bado kinafanya kazi na roboti bado inasimama, na kwenye picha haionekani. Mteja akiigeuza mara mbili tatu, paja linabaki mkononi mwake. Mstari huo uuandike na uupige picha ya karibu. Weupe mdogo wa kupinda, usio na ufa, nao uandike, ila ni kosa jepesi zaidi.

Plastiki angavu ya vioo na taa ndiyo dhaifu kuliko zote, hasa pale ambapo kioo cha gari kinatumika pia kama bawaba. Kagua hapo mara mbili.

7. Tazama plastiki yenyewe. Nyeupe na kijivu hafifu hugeuka njano kwa jua na umri. Linganisha sehemu iliyokuwa wazi na sehemu iliyofichwa ndani ya kifua. Tofauti ya rangi itakuambia imekaa juani kiasi gani.

Halafu kuna ugonjwa wa plastiki ya dhahabu. Baadhi ya roboti za mwisho wa miaka ya 80 na kuendelea zilitengenezwa kwa plastiki yenye mawingu ya rangi ya dhahabu inayometa ndani yake, si iliyopakwa juu. Plastiki hiyo inajiozea yenyewe. Inaweza kukaa kwenye boksi lake bila kuguswa, na siku ya kwanza unapoigeuza inapasuka kama biskuti. Black Zarak wa Japani wa 1988 ni maarufu kwa maradhi hayo. Hakuna dawa. Ukiona mawingu hayo kwenye kiungo, usikisogeze kabisa: piga picha, andika "haijageuzwa kwa sababu ya plastiki ya dhahabu", na mkusanyaji mzoefu atakuelewa na kukuheshimu.

8. Kromu, stika, tairi. Kromu ni utando mwembamba sana juu ya plastiki. Usiisugue, usiipake spiriti. Angalia kingo zake tu, ndizo zinazochubuka kwanza. Stika zilizobanduka pembe ni kawaida. Stika mpya kabisa juu ya roboti iliyochoka ina maana zimebadilishwa, na hilo unalisema. Tairi za mpira zina tabia ya kuila plastiki zinayoigusa kwa miaka, zikaacha alama ya kuyeyuka kwenye fenda au kwenye mguu. Zungusha kila tairi utazame nyuma yake.

9. Sasa igeuze. Tafuta karatasi ya maelekezo ya roboti hiyo hiyo, usitumie ya inayofanana. Fuata mpangilio, maana mara nyingi kipande cha tatu hakitoki mpaka cha kwanza kimesogea. Ukikwama, rudi nyuma hatua moja. Kanuni ya fundi ni kwamba kama inahitaji nguvu, unaikosea. Ikigeuka, tazama kama paneli za gari zinafunga bila mianya na kama linakaa kwenye tairi zote nne. Mwanya mkubwa mara nyingi unatokana na ulimi uliovunjika ndani, kautafute. Irudishe kwenye umbo la roboti, basi. Mara moja inatosha.

10. Andika daraja. Wakusanyaji wanatumia kipimo cha C1 hadi C10, ambapo C10 ni kama imetoka kiwandani leo. Wanaoanza wote wanajipa C9. Iliyochezewa na mtoto, hata mtoto mtulivu, ikifika C7 shukuru. MISB maana yake ni boksi ambalo halijawahi kufunguliwa, na gundi ya kiwandani ipo. Boksi lililofunguliwa kwa ustadi likafungwa tena halimo. Kuna pia Action Figure Authority ya Marekani, wanaoupima mdoli, kuupa alama hadi 100 na kuufungia kwenye kasha la akriliki. Kwa roboti ya mtumba ukiwa Kigoma, gharama ya kuipeleka na kuirudisha ni kubwa kuliko roboti yenyewe. Achana nayo.

Mpangilio wangu kwenye daftari ni huu: jina na mwaka, maandishi yaliyochongwa, urefu, vipande vilivyopo, vilivyokosekana, viungo vyenye kasoro, rangi, daraja. Mistari minane, hakuna insha.

11. Tafuta bei ya kweli. Bei anayoiomba mtu mtandaoni si bei. Kwenye eBay chuja uone zile zilizokwisha kuuzwa, tena zenye hali kama ya yako na vipande kama vyako. Kisha toa usafiri kutoka huku. Bei ya Marekani ukimtajia mteja wa Gungu au Ujiji anayemnunulia mwanawe zawadi ya Idi, utakaa nayo. Wakusanyaji wa kweli hapa nchini ni wachache na wengi wako Dar es Salaam. Mtoto wa hapa anataka gari linalogeuka, na kwake kopi imara ni bora kuliko orijino inayopasuka. Mambo hayo mawili ni soko mbili tofauti. Amua mapema unaiuza wapi.

12. Ikisafiri kwa basi au treni. Ifunge katika umbo ambalo viungo vimebana zaidi, kwa kawaida gari. Vipande vidogo kwenye kifuko chake, kifuko kifungwe kwenye roboti kwa uzi. Jaza boksi magazeti yaliyokunjwa ili isicheze, andika juu jina na simu ya mpokeaji, chukua risiti. Megatron wa 1984 anageuka kuwa bastola ya Walther P38, na anafanana nayo hasa. Huyo mtume akiwa amegeuzwa roboti, ndani ya boksi lenye picha na maelezo, na usimtie kwenye begi la mkononi ukipita uwanja wa ndege wala kizuizi cha polisi. Maelezo kwamba ni mdoli wa kukusanya yatachukua muda kueleweka.

Ikikwama au ikiharibika

*Kiungo cha gololi kimelegea.* Chomoa gololi taratibu, ipake rangi ya kucha isiyo na rangi, utando mmoja mwembamba, iache ikauke hadi kesho yake, kisha irudishe. Ukiirudisha mbichi inagandia kwenye kikombe. Supaglu inafanya kazi hiyo haraka zaidi, lakini kwenye mikono ya anayeanza inagandisha kiungo milele.

*Kiungo kimekaza.* Kama kuna skrubu karibu, ilegeze robo mzunguko, jaribu, kisha ikaze tena. Kama ni pini, weka roboti mahali pa joto la kawaida, iache itulie, rudi na mswaki utoe mchanga. Tone la mafuta ya silikoni linasaidia. Usiweke mafuta ya injini, dizeli wala mafuta ya taa. Baadhi ya plastiki hupasuka zikiguswa na mafuta hayo.

*Skrubu imeliwa kichwa.* Weka kipande chembamba cha mpira wa puto kati ya bisibisi na skrubu, kandamiza, zungusha polepole. Ikikataa mpelekee fundi simu, mwambie ni plastiki asipashe moto.

*Kioo angavu kimevunjika.* Usitumie supaglu. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu na hautoki. Weka vipande kwenye kifuko, uuze kama ilivyo.

*Plastiki imekuwa ya njano.* Dawa ya haidrojeni peroksaidi, ile wanayotumia saluni kubadilisha rangi ya nywele, ikichanganywa na jua inarudisha weupe. Inabandua stika, inaweza kuacha mabaka, inaunguza ngozi kwa hiyo vaa glovu, na njano inaweza kurudi. Mimi naona heri njano ya kweli kuliko weupe wa mabaka. Ukiifanya, mwambie mteja.

*Sehemu ya betri ina unga mweupe au wa kijani.* Toa betri, futa kwa kijiti cha masikio chenye siki kidogo, halafu kingine chenye maji kidogo, kausha kabisa kabla ya kuweka betri mpya. Chuma cha mguso kikiwa kimekatika, taa haitawaka tena bila kuchomelewa. Andika "taa haiwaki" na uendelee.

*Umeitafuta kila mahali na hujui ni nani.* Tuma picha zile za hatua ya kwanza, maandishi yote yaliyochongwa hata kama ni herufi tatu, urefu kwa sentimita, na inageuka kuwa nini. Picha zipigwe mchana.